Kufuli Lenye Jina Langu

Tafakari ya juma hili
Masomo: Habakuki 2:1–3, Yeremia 36, Mathayo 13:51–52

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliopita, saa 3 kasorobo asubuhi, simu yangu iliita nikiwa nyumbani naandaa mahubiri. Jina lililotokea kwenye kioo lilinishtua. Lilikuwa la mwinjilisti wetu, ambaye tulimzika miezi 11 iliyopita. Nikapokea. Aliyekuwa akizungumza ni mjane wake.

"Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Samahani kwa kukusumbua. Kuna mgeni yuko getini pale kanisani na mtoto wa kubatizwa. Amenipigia mimi. Anasema kumefungwa."

Nilikwenda. Kwenye benchi la mlinzi nilimkuta bibi mmoja wa rika la mama yangu, na kando yake binti yake amempakata mtoto wa miezi minne. Kikapu chao walikuwa wamekiweka juu ya kanga ili kisiguse vumbi, na ndani ya kikapu kulikuwa na gauni jeupe la mtoto, limepigwa pasi na kukunjwa mara tatu. Walitoka kwao kabla ya jua, wakapanda magari mawili. Bibi alifungua fundo la upindo wa kanga yake akanipa karatasi ya daftari. Mjukuu wake aliye sekondari alikuwa amemwandikia kwa kalamu ya bluu kile alichokisoma kwenye tovuti ya usharika wetu: Ubatizo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa 3 asubuhi. Chini yake, namba ya simu ya mwinjilisti.

Yule kijana alinakili sawasawa, hakukosea hata herufi moja. Ila ubatizo tulikwisha kuuhamishia Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya ibada ya pili, zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Baraza la wazee liliamua, tangazo likasomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mshirika analijua. Bibi huyu hakuwepo kwenye Jumapili hizo tatu. Alikuwa mkoa mwingine kabisa, wala hakujua kwamba siku moja atahamia kwa binti yake na kutafuta kanisa la karibu. Alichokuwa nacho kutoka kwetu ni ule ukurasa tu.

Nilipoanza kumwomba radhi alinizuia kwa mkono. "Hapana, Baba. Pengine ni sisi tuliokosea kusoma."

Maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Nabii Habakuki anasimama kwenye zamu yake, anangoja jibu la Bwana, na jibu linapokuja anaagizwa kwanza aiandike njozi kwenye vibao, aiandike kwa namna ya wazi, ili anayeisoma aweze kupiga mbio. Nimehubiri juu ya aya hizi mara nyingi, na karibu mara zote nimehubiri habari ya kungoja, kwa kuwa washirika wetu wengi wako katika kungoja: kazi, mtoto, hukumu ya kesi ya shamba. Juma hili nimekwama kwenye vibao. Tangazo linalosomwa madhabahuni linaisha pale pale linapotamkwa, na wanaolisikia ni watu tunaowafahamu kwa sura. Kibao kinabaki. Kinasema na mtu ambaye hatutamwona akisoma, saa ambayo sisi tumelala, na mtu huyo anaamka na kuanza safari kwa kuliamini neno letu. Aliyeandika kibao kwa hiyo ana deni kwa msafiri asiyemjua, na deni hilo haliishi siku kibao kinapopigwa msumari.

Niwaeleze kidogo jinsi tovuti yetu inavyofanya kazi, maana wengi mnaiona kwa mbele tu, kama mnavyoona kanisa kutoka kwenye viti. Zamani aliyetaka kuweka ukurasa kwenye intaneti ilimbidi ajue lugha ya kompyuta na kuandika kila alama kwa mkono. Siku hizi sharika, shule na hospitali nyingi hutumia mfumo wa kusimamia maudhui. Maneno hukaa kwenye hifadhidata, sura ya tovuti hukaa kwenye kiolezo chake, na mtu yeyote aliyepewa nywila anaingia kwa mlango wa nyuma, anafungua ukurasa, anasahihisha neno, anahifadhi, na dunia nzima inaona. Katibu wetu wa ofisi, ambaye hakusomea kompyuta, anaweza kubadilisha saa za ibada huku chai yake ikiwa bado ya moto.

Mfumo tunaoutumia sisi unaitwa Joomla, na jina hilo ni letu. Mwaka 2005 watengenezaji wa programu moja iliyoitwa Mambo, iliyoanzia Australia, hawakuelewana na kampuni iliyomiliki jina hilo juu ya nani awe na usemi. Wengi wao wakaondoka. Kwa kuwa programu ilikuwa huria waliruhusiwa kuchukua kazi yao, lakini jina walilazimika kuliacha, wakawa wanatafuta jina jipya. Walilolichagua ni neno la Kiswahili, jumla, kwa maana ya wote pamoja, wakaliandika kwa herufi za kwao ili Mwingereza akilisoma asikie sauti ile ile. Toleo la kwanza likatoka Septemba mwaka huo huo. Nilipolijua hili nilifurahi kwa siku kadhaa. Watu waliotengana kwa sababu ya ugomvi wa umiliki walikuja kuomba kwetu neno la umoja.

Jumatatu baada ya ile Jumamosi niliingia ofisini nikamwomba katibu anifungulie orodha ya kurasa zote. Orodha hiyo haionekani kwa mgeni. Kila ukurasa una mstari wake: kichwa, aliyeandika, tarehe, na alama ya kuonyesha kama umechapishwa au la. Tukashuka na mistari hadi tukaupata ule wa ubatizo. Kando ya kichwa chake kulikuwa na picha ndogo ya kufuli.

"Hili ni nini, dada?"

Alisita. Kisha akasogeza kishale cha kipanya juu ya lile kufuli, na maandishi madogo yakajitokeza. Lilikuwa jina langu, na tarehe ya mwaka jana.

Mfumo huu unapoona mtu amefungua ukurasa ili auhariri, unaufunga kwa wengine ili watu wawili wasije wakaandikiana juu. Ni utaratibu mzuri. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kuhifadhi na kufunga, au unaghairi, na kufuli linaachia. Ila ukikifunika tu kifuniko cha kompyuta ukaondoka, mfumo unahesabu kwamba bado uko kazini. Unakungoja. Unaweza kukungoja mwaka mzima. Na ambaye hajapewa mamlaka ya usimamizi hawezi kulifungua kufuli la mwenzake; kwetu wenye mamlaka hayo tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja aliyekwisha kwenda chuoni.

Tarehe ile niliikumbuka. Ilikuwa jioni, siku mbili baada ya uamuzi wa baraza. Nilisema nitabadilisha mwenyewe siku za ubatizo, nikaufungua ukurasa, na kabla sijaandika neno nikaitwa hospitali kwa mgonjwa. Nilifunika kompyuta. Mgonjwa alifariki usiku ule, tukaingia kwenye msiba, na baada ya hapo sikuukumbuka tena ukurasa wa ubatizo hata mara moja.

Nikamuuliza katibu kama alikuwa akilijua kufuli hilo.

"Nililiona, Baba Mchungaji. Tangu mwaka jana. Nilitaka kubadilisha tarehe, nikaona jina lako. Nikasema moyoni, Baba bado anaandika, nisimharakishe."

Ndugu zangu, nimelitafakari jibu hilo kuliko nilivyotafakari vitabu vingi. Hakuna uvivu ndani yake. Kuna heshima, ile heshima tuliyolelewa nayo, ya mdogo kutomuuliza mkubwa mbona kazi haijaisha. Naye mkubwa, yaani mimi, sikujua kwamba nimeshikilia kitu. Kati ya heshima yake na usahaulifu wangu, mlango ulikaa umefungwa mwaka mzima, na aliyeukuta umefungwa ni bibi mwenye kikapu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatafuta makufuli mengine yenye jina langu, na si ya kwenye kompyuta tu. Sisi wachungaji tuna sentensi moja tunayoipenda: niachieni hilo, nitaliangalia. Tunaisema kwa nia njema, mwishoni mwa kikao, watu wamechoka, na wote wanashukuru kwamba jambo limepata mwenyewe. Miaka miwili iliyopita kwaya mbili zilinijia juu ya kinanda, nani akitumie siku gani, nikasema niachieni. Vijana waliomba ukumbi kwa ajili ya masomo ya jioni ya wanafunzi, nikasema nitaliangalia. Kwaya hazijauliza tena. Vijana hawajauliza tena. Nilidhani mambo yametulia, kumbe wanaliona jina langu na kusema mioyoni mwao, Baba bado anaandika. Kwa kinanda na kwa ukumbi naomba mnisamehe. Yote mawili yako kwenye ajenda ya baraza la Jumanne, na nimeomba mwingine aongoze kikao.

Turudi kwenye ule ukurasa, maana vijana wetu hawakukaa bure. Katibu aliposhindwa kuusahihisha walitafuta njia ya kuzunguka: waliandika ukurasa mpya wenye siku sahihi, wakauweka kwenye menyu, na ule wa zamani wakautoa kwenye menyu. Ukiingia tovuti yetu kwa mlango wa mbele, ukafuata menyu, ungeona ukweli. Ndiyo maana sisi sote hatukugundua. Lakini kuutoa ukurasa kwenye menyu ni kama kung'oa kibao cha njia panda na kuiacha njia yenyewe ikiwa wazi. Ukurasa ulikuwa bado umechapishwa, kwenye anwani yake ile ile. Google iliujua kwa miaka. Viungo vyake vilikuwa vimetumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya na ya ukoo. Mjukuu wa bibi hakupita kwenye menyu yetu. Aliuliza, akaletewa ukurasa wa zamani, akaamini.

Njia bora ingekuwa kuusahihisha ukurasa ule ule, mahali ulipo, ili kila aliyewahi kupewa anwani yake akifika akute habari ya kweli. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao huu wa kurasa mwaka 1989 akiwa kwenye maabara ya CERN huko Uswisi, aliandika mwaka 1998 akiwasihi wenye tovuti wasibadilishe anwani za kurasa zao, kwa sababu anayeumia ni mtu wa mbali aliyeihifadhi anwani hiyo. Na pale ambapo ni lazima ukurasa uhamie anwani nyingine, mfumo una uwezo wa kumpokea mgeni kwenye anwani ya zamani na kumpeleka kwenye mpya bila yeye kuhangaika. Tumeshafanya hivyo kwa kurasa mbili za ubatizo. Naiona kama kazi ya kupokea wageni, sawa na wale mama wanaosimama mlangoni Jumapili na kumshika mkono mtu wa mara ya kwanza.

Alhamisi tulikaa watu watano, tukapitia kurasa zote, 43, mmoja baada ya mwingine. Nyingi hazikutuchukua hata dakika. Mmoja ulituchukua muda mrefu na ulituaibisha: mchango wa paa wa mwaka 2017, wenye namba ya akaunti ya benki, bado ukiwaomba watu fedha. Paa lile liliezekwa zamani na akaunti ilifungwa. Hatukupata fununu ya mtu aliyejaribu kutuma, lakini mzee wa fedha alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba usharika unaoomba fedha kwa ajili ya kitu ambacho umekwisha kukipata unaonekana vibaya, hata kama umesahau tu. Ni kweli. Na dawa ilikuwepo siku zote. Kila ukurasa kwenye mfumo huu una sehemu mbili za kujaza tarehe, ya kuanza kuonekana na ya kukoma kuonekana. Tumekubaliana kwamba tangazo lolote la mchango, semina au mkutano halitachapishwa kabla tarehe ya kukoma haijajazwa.

Kijana mmoja, mwenye bidii kweli, alipendekeza tufute kila kilicho cha zamani ili tuanze upya. Hapo niliomba tusimame kidogo.

Katika Yeremia 36 kuna mfalme anayefuta. Ni mwezi wa tisa, kuna baridi, Yehoyakimu ameketi kwenye nyumba yake ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake, na mtu aitwaye Yehudi anamsomea gombo la maneno ya Yeremia. Kila zikiisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote limeisha. Kisha Yeremia anatwaa gombo jingine, anampa Baruku mwana wa Neria, naye anaandika upya kwa wino maneno yote ya lile la kwanza, na mengine ya kufanana nayo yakaongezwa. Baruku aliweza kwa sababu aliyeyasema maneno bado alikuwa hai karibu naye. Sisi tuna kurasa ambazo aliyesema maneno yake hayupo tena.

Mfumo wetu unatupa nafasi kadhaa kabla ya moto. Unaweza kuusitishia ukurasa kuchapishwa, ukabaki kwako bila watu kuuona. Unaweza kuupeleka kwenye kumbukumbu. Unaweza kuutupa kwenye pipa, na hata humo utakaa hadi mtu aje alimwage kwa mkono. Likishamwagwa, tumaini pekee ni nakala rudufu, kama mtu alikumbuka kuitengeneza. Yesu alimfananisha mwandishi aliyefundishwa habari za ufalme na mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Mwenye nyumba wa namna hiyo anajua kila kitu chake kiko wapi. Tangazo la paa tulilitupa. Historia ya mtaa wetu wa kwanza, uliokuwa ukisali chini ya mwembe, tuliipeleka mbele zaidi ili ionekane.

Ukafika ukurasa wa Watumishi. Mwinjilisti wetu alikuwa bado hapo, kwa picha yake ya shati la bluu na namba yake ya simu, akionyeshwa kama mtumishi wa zamu. Hakuna aliyetaka kubonyeza chochote. Katibu akasema tumwite mama mwenyewe, na tukaona amesema vema.

Alikuja Ijumaa alasiri. Tulimweleza kwamba tunataka kuandika ukurasa mpya wa kumbukumbu ya marehemu, na kwamba yeye ndiye atuambie cha kuandika. Alizungumza, katibu akachapa. Alitusahihisha mara mbili: kwamba mumewe alianza kama mpiga kengele kabla ya kwenda chuo cha uinjilisti, na kwamba baiskeli aliyozungukia mitaa haikutolewa na usharika, aliinunua mwenyewe kwa mahindi. Yote tukayaandika.

Tulipofika kwenye namba ya simu nilimwambia tutaiondoa leo hii, asisumbuliwe tena. Nikamuuliza ni watu wangapi waliokuwa wakimpigia. Akafungua mkoba wake akatoa daftari dogo la kurasa zenye mistari. Ndani yake, tangu wiki ile ya mazishi, alikuwa ameandika kila aliyepiga: tarehe, jina, anatafuta nini. Ratiba ya ndoa. Barua ya utambulisho. Maombi kwa ajili ya mtoto aliyelazwa. Aliyeweza kumjibu alimjibu, na aliyemshinda alimwelekeza kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake. Hakuwahi kutuambia. Alidhani tumemwachia namba ile kwa makusudi.

"Iondoeni, Baba," alisema. "Ila nipeni kwanza siku mbili tatu. Kuna watu watatu niliwaahidi kuwapigia, na wao wanaijua namba hii tu. Wakirudi kuitafuta wasiikose kabla sijawapata."

Katibu akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa. Ukurasa ulibaki wazi kwenye kompyuta ya ofisi Jumamosi na Jumapili yote, na kufuli lilikuwa na jina la katibu. Jumatatu saa 7 mchana mama alipiga simu kusema kwamba wa tatu amepatikana.